Kwa nini Kalank, pamoja na gharama yake yote, haikutugusa?

Nuru78 ameuliza:

Ndugu wapenzi wa filamu za Kihindi, naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipoirudia Kalank. Filamu hii ilitoka tarehe 17 Aprili 2019, mwongozaji wake akiwa Abhishek Varman, na miongoni mwa watayarishaji alikuwamo Karan Johar, aliyeieleza wakati ule kuwa ndoto yake ya miaka mingi na wazo ambalo marehemu baba yake, Yash Johar, alilithamini sana kabla ya kufariki mwaka 2004. Inakadiriwa kuwa iligharimu rupia bilioni 1.5. Ina Madhuri Dixit, Sanjay Dutt, Alia Bhatt, Varun Dhawan, Sonakshi Sinha na Aditya Roy Kapur. Muziki ni wa Pritam na picha ni za Binod Pradhan. Siku ya kwanza iliingiza zaidi ya rupia milioni 200, lakini haukupita muda kumbi zikapwaya, na mwishowe mapato yake ya ndani ya India hayakufika rupia bilioni 1.

Kwa ambao hawajaiona, kisa kwa ufupi ni hiki. Satya, mke wa Dev Chaudhry, anaugua saratani na anajua kwamba hatapona. Anamwendea Roop, msichana anayemfahamu, akimwomba aje kuishi nyumbani kwao ili Dev asibaki mpweke yeye atakapoondoka. Roop anakubali kwa sharti kwamba aolewe kwanza, na hivyo anaingia akiwa mke mwenza katika nyumba ambayo mume anamwambia waziwazi kwamba hampendi. Akiwa humo anaisikia sauti ya Bahaar Begum ikiimba kutoka Hira Mandi, mtaa wa waimbaji na makahaba, anakwenda kwake kujifunza uimbaji, na kwa njia hiyo anakutana na Zafar, mhunzi ambaye ni mtoto wa nje ya ndoa wa Bahaar Begum na Balraj Chaudhry, yaani baba mkwe wa Roop mwenyewe. Yote yanatokea Husnabad, mji wa kubuni karibu na Lahore, katika miaka ya 1940, India ikielekea kugawanywa.

Sasa, kisa hiki kina kila kitu cha kumliza mtu: mgonjwa anayejichagulia mke mwenza, mtoto aliyekanwa na baba yake, ndugu wawili na mwanamke mmoja. Mbona nimetazama mpaka mwisho macho yakiwa makavu? Naomba majibu yanayoingia ndani ya filamu yenyewe. Lile jibu la kwamba fedha nyingi huharibu hadithi haliniridhishi, kwa sababu Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001 nayo ilikuwa ghali, jumba la akina Raichand, familia ya filamu hiyo, kwa nje lilikuwa kasri la Waddesdon Manor la kule Uingereza, na bado mama anaposimama mlangoni akihisi kwamba mwanawe amefika kabla hajamwona, sijawahi kumwona mtu akijizuia.

MzeeWaReli amejibu:

Dada Nuru, swali lako ni zuri na nimelifikiria kwa muda. Mimi nadhani kosa limefanyika mapema sana, katika dakika za mwanzo kabisa, na njia nzuri ya kuliona ni kuiweka Kalank kando ya Hum Aapke Hain Koun ya Sooraj Barjatya, iliyotoka mwaka 1994, kwa kuwa filamu hizo mbili zina fundo moja. Katika ile ya zamani pia mke anakufa na mwanamke mwingine anatakiwa kuichukua nafasi yake. Pooja anaanguka ngazini na kufariki akimwacha mtoto mchanga, na wazee wanaafikiana kwamba mdogo wake, Nisha, aolewe na yule mgane, Rajesh, ili mtoto alelewe na mama yake mdogo. Nisha, ambaye anaigizwa na Madhuri Dixit huyu huyu wa Kalank, anapendana na Prem, mdogo wake Rajesh. Wote wawili wanaazimia kunyamaza kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya nyumba.

Kunyamaza kule kunauma kwa sababu kabla ya msiba tumekaa ndani ya nyumba hizo mbili kwa muda mrefu kwelikweli. Tumeona posa, tumeona harusi na mabinti wanaoficha viatu vya bwana harusi ili awakomboe kwa fedha, tumeona mimba na sherehe zake, tumeona michezo ya jioni ambayo watumishi nao wamo, na nyimbo zinazozidi kumi. Wapo wachambuzi waliosema wakati ule kwamba ile ni kanda ya harusi tu na haina hadithi. Mimi naona kinyume chake: zile saa za furaha ndizo zinazoijenga hadithi, kwa maana bila hizo hatungejua ni kitu gani hasa kinachookolewa pale Nisha anapokubali kuolewa na shemeji yake. Anayejitoa mhanga lazima awe na cha kutoa, na mtazamaji lazima awe amekiona hicho kitu kikiwa mikononi mwake.

Kalank inakwenda moja kwa moja kwenye mhanga. Ombi la Satya linatujia wakati hatujamwona Satya akiwa mke hata kwa siku moja ya kawaida. Hatujui yeye na Dev walikuwa wakicheka nini, waligombana juu ya nini, wala mambo gani ya nyumba humwendea yeye kwanza. Tunaambiwa kwamba Dev anampenda kupita kiasi, tunamwona akiwa na huzuni, na tunatakiwa tuiamini huzuni hiyo kwa heshima ya muziki unaopigwa nyuma yake. Roop naye anakubali jambo zito kabisa katika maisha yake kwa ajili ya mustakabali wa dada zake, kisha dada hao wanasahaulika, kana kwamba waliwekwa pale ili kusukuma mlango ufunguke na baada ya hapo hawana kazi.

Lakini linaloniuma zaidi, na hapa naomba mnivumilie kwa urefu, ni lile la wanawake wawili. Fikirini hali yenyewe. Mwanamke anajua siku zake zimehesabiwa. Amemchagua kwa hiari yake mtu atakayelala kitandani pake, atakayeshika funguo zake, na atakayeitwa kwa jina la cheo chake na wakwe zake. Kila siku anamwona mtu huyo akipita ukumbini. Je, hamwonei wivu hata mara moja? Je, hamfundishi mambo madogo ambayo Dev anayapenda, huku moyo ukimkataza? Je, Roop hamchukii siku moja kwa kumtia katika kifungo hicho, kisha akaona haya kwa kumchukia mgonjwa? Waandishi wa Kiswahili na washairi wetu wamesema mengi juu ya ukewenza, na kila mmoja wetu anajua jinsi ulivyo uwanja mpana wa kisa. Filamu ilikuwa na hazina hiyo mkononi. Sonakshi Sinha anaicheza nafasi ya Satya kwa utulivu na heshima, na kila anapokaa na Alia Bhatt mtu anahisi kwamba sasa filamu inaanza. Kisha inatuondoa pale, inatupeleka kwenye ngoma, kwenye kupigana na fahali, kwenye theluji, na Satya anafariki pembeni ya filamu ambayo ilipaswa kuwa yake.

Siwezi kuwalaumu waigizaji. Alia alikuwa ametoka kuigiza Raazi mwaka 2018 na Gully Boy mwanzoni mwa 2019, na katika zote mbili aliibeba kila hisia aliyopewa. Mwongozaji naye si mgeni wa mambo ya nyumbani: katika 2 States ya mwaka 2014 alitupa familia ya Kipunjabi na familia ya Kitamil zinazogongana juu ya ndoa, na mama wa kijana, ambaye aliigizwa na Amrita Singh, alikuwa mtu kamili, mwenye chuki ndogondogo na majeraha yanayoeleweka. Uwezo ulikuwapo. Waliokabidhiwa kisa hiki waliyapa nafasi mambo makubwa, yale madogo yanayoyabeba wakayaacha nje.

Bi_Salma amejibu:

Nakubaliana na Mzee wa Reli juu ya Satya, lakini kwangu mimi jeraha kubwa zaidi ni Zafar. Mtoto wa nje ya ndoa anayelipiza kisasi kwa baba tajiri si jambo jipya katika sinema ya Bombay. Mwaka 1978 Yash Chopra alitupa Trishul, iliyoandikwa na Salim-Javed, ambamo Vijay, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anamlipisha baba yake, R. K. Gupta, deni la marehemu mama yake. Anachokifanya kinaonekana kwa macho: ananunua kiwanja ambacho baba ameshindwa kukimiliki, anawafukuza wahuni waliokikalia, anajenga, anashindania zabuni, anamnyang'anya biashara moja baada ya nyingine, na anaingia hadi kwa watoto halali wa nyumba ile. Kila hatua ni tendo, na kila tendo linamgharimu mtu fulani tunayemjua. Baba anapotambua kwamba anayemfilisi ni damu yake, mtazamaji ameshahesabu hasara zote pamoja naye.

Zafar anaanza na nia hiyo hiyo. Anapojua kwamba Roop ni mke wa nyumba ya Chaudhry, anaazimia kumtumia ili kuwaumiza waliomkana, na mpango huo peke yake ungetosha kuibeba filamu nzima, kwa sababu ni mpango mwovu wa mtu tunayemhurumia. Tatizo ni kwamba mpango unayeyuka na kuwa mapenzi bila kutuonyesha siku ulipoyeyuka. Tunawaona wakitembea mjini Roop akikusanya habari kwa ajili ya gazeti la mumewe, tunawaona katika mandhari za kupendeza, wanazungumza kwa maneno yaliyosukwa kama mashairi, na ghafla kisasi hakipo. Nilitamani kuiona saa ile ambayo Zafar angeweza kumharibia jina Roop na asifanye hivyo. Hapo ndipo ningejua kwamba anapenda.

Na maneno yenyewe! Kila mhusika wa Kalank, kuanzia mzee wa nyumba hadi mhunzi, anasema kwa mafumbo na methali. Katika filamu nzuri mtu mmoja anaweza kuwa na ulimi huo, na tukamtambua kwa ulimi huo. Wote wakiwa nao, hakuna hata mmoja mwenye sauti yake, na mtazamaji anachoka kuwasikia watu ambao hawajawahi kusema jambo moja kwa unyoofu kwa mtu wanayelala naye nyumba moja.

Kinubi amejibu:

Mmesema vizuri, lakini naomba tusizitupe nyimbo pamoja na filamu. Kazi ya Pritam na mashairi ya Amitabh Bhattacharya ni kati ya mambo bora yaliyotoka India mwaka ule. Katika Ghar More Pardesiya, Shreya Ghoshal na Vaishali Mhade wanapokezana kwa namna ya mwalimu na mwanafunzi, huku sherehe ya Kihindu ya Dussehra ikiendelea mjini, na Alia anacheza mbele ya Madhuri akiwa na hofu na shauku ya mtu anayejaribiwa. Wimbo ule unatupa uhusiano mzima wa Roop na Bahaar Begum kwa dakika chache. Tabaah Ho Gaye nao ni wa Madhuri peke yake, na marehemu Saroj Khan, aliyemtengenezea ngoma zake maarufu tangu miaka ya 1980, alishiriki kuupanga. Wimbo ule unadokeza maisha yote ya Bahaar Begum kabla ya filamu kuanza. Kama mazungumzo yangekuwa na uzito wa nyimbo, tusingekuwa na mjadala huu.

Nuru78 ameandika tena:

Nawashukuru sana. Maneno ya Kinubi juu ya Bahaar Begum yamenikumbusha jambo. Nafasi ile ilikuwa ya Sridevi, na baada ya kifo chake mwezi Februari 2018 ndipo Madhuri alipoichukua. Kwa hiyo tukampata yeye na Sanjay Dutt uso kwa uso baada ya zaidi ya miaka 20, na tukio ambalo Balraj na Bahaar wanakutana ndilo pekee lililonitikisa. Lakini nikilitazama vizuri naona kwamba uzito wake tumeuleta sisi watazamaji, tuliowaona pamoja katika Saajan na Khalnayak tukiwa vijana. Ndani ya Kalank yenyewe hatujaonyeshwa hata kidogo jinsi Balraj alivyompenda mwanamke huyu wala siku aliyomwacha na mimba.

Nauliza jambo moja zaidi. Je, ukubwa wa mandhari haukuchangia? Nyumba ya akina Chaudhry ni kubwa mno, na Hira Mandi imezungukwa na maji na taa hadi inafanana na mji wa hadithi za watoto, ilhali mtaa wenyewe uko ndani ya Lahore ya kale, katika vichochoro vyembamba.

Mtafiti_wa_Picha amejibu:

Ukubwa wenyewe hauna hatia. Mughal-e-Azam ya K. Asif ilichukua zaidi ya miaka kumi kukamilika, ikatoka mwaka 1960, na ukumbi wake wa vioo ulikuwa anasa ya kupindukia. Kumbukeni ulivyotumika. Anarkali, mchezaji anayependwa na mwana wa mfalme, anacheza mbele ya mfalme Akbar na kuimba kwamba anayependa hana sababu ya kuogopa. Mfalme anapoinua macho kwa hasira anamwona binti yule akizunguka katika kila kipande cha kioo cha dari. Baba mwenye dola nzima hana pa kugeuzia uso wake. Ukumbi ule ulijengwa kwa ajili ya ugomvi wa baba na mwana, na ukiuondoa, ugomvi unapungua nguvu. Ukiliondoa ziwa la Husnabad, hakuna uhusiano wa watu wawili unaobadilika.

Athari ya pili ni kwa historia, na hapa nina uchungu wa kweli. Mwaka 1947 Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza ambaye hakuwahi kufika India kabla ya hapo, alipewa wiki tano tu kuchora mpaka wa kuigawa Punjab na Bengal. Mpaka ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru wa India. Lahore ikawa Pakistan, Amritsar ikabaki India, na mamilioni ya watu wakahama kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa treni huku wengi wakiuawa njiani. Familia ya Kihindu yenye gazeti karibu na Lahore katika miaka ile ingekuwa inabishana mezani kila jioni: tuuze, tubaki, tumwamini jirani yupi, watumishi wetu Waislamu wako upande gani? Hiyo ndiyo tamthilia ya familia. Kalank inaichukua hofu hiyo yote na kuiweka mwishoni, ikiwa kundi la wahunzi wenye mienge wanaochochewa na Abdul, rafiki wa Zafar, kwa ajili ya kupinga viwanda vya chuma, na treni inayoondoka ili Zafar achomwe kisu Roop akimtazama. Msiba wa mamilioni umegeuzwa kuwa njia ya kuwatenganisha wapenzi wawili, tena kwa namna inayobebesha upande mmoja lawama ambayo katika historia ilibebwa na pande zote.

Bi_Salma ameandika tena:

Mtafiti amenena lile nililokuwa nikilitafuta. Naongeza jambo moja kwa dada Nuru, aliyesema kwamba haamini kuwa fedha ndizo zilizoharibu. Mwezi Julai 2023 Karan Johar mwenyewe aliongoza Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani, na Alia Bhatt yumo tena. Majumba ni yale yale ya fahari na mavazi ni yale yale ya kung'aa. Hata hivyo kisa kinasimama juu ya jambo la nyumbani kabisa: Rocky wa familia ya Kipunjabi na Rani wa familia ya Kibengali wanabadilishana nyumba kwa miezi mitatu, kila mmoja akaishi na wazazi wa mwenzake. Tunawaona wakikaa vibaya kwenye meza za watu, wakisema neno lisilofaa mbele ya mkwe, wakidharauliwa na kujifunza.

Baba yake Rani ni mchezaji wa Kathak, ngoma ya jadi ya India, ambaye watu wamemcheka kwa sababu ni mwanamume anayecheza ngoma hiyo, na Rocky naye ni miongoni mwa waliocheka. Baadaye kijana yule anajifunza, anapanda jukwaani, na anacheza naye bega kwa bega mbele ya wageni wote. Tukio hilo lina taa nyingi, mavazi ya gharama na wageni tele kama tukio lolote la Kalank. Lakini tunajua kila mmoja aliyeketi ukumbini mle alisema nini juu ya mzee yule wiki zilizotangulia, na kwa hiyo tunawatazama wao nyuso zao zaidi ya kuitazama ngoma.